Nyanya Akinyamazishwa, Mtoto Amwambie Nani?

Tunapozungumzia afya ya akili humu nchini, mazungumzo aghalabu huishia hospitalini: uchache wa madaktari, vitanda vya Mathari, bei ya dawa. Mambo hayo yana uzito wake, na jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, ambalo ripoti yake ilitolewa mwaka 2020, lilifikia hatua ya kupendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na swali ninaloliuliza leo ni dogo kuliko hayo, na pengine ni gumu zaidi. Mtoto wa Kisii au wa Nyamira aliyeelemewa moyoni humwambia nani, na humwambia kwa maneno gani?

Abagusii wana neno chinsoni. Mfasiri mwenye haraka ataliita haya, na mwingine ataliita heshima. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na hakuna kati yao atakayekuwa amemaliza. Chinsoni ni mpaka uliowekwa kati ya vizazi viwili vinavyofuatana, yaani kati ya mzazi na mtoto. Kuna mambo ambayo baba hayataji mbele ya mwanawe aliyekwisha kutahiriwa, kuna sehemu ya nyumba ambayo mwana huyo haingii tena, kuna mzaha usiofanywa, na karibu kila jambo linalogusa mwili, ndoa na uzazi limefungiwa nje ya mazungumzo yao. Mpaka huo hauzuii mapenzi, bali unazuia maneno.

Hata hivyo, mila haikumwacha mtoto bila sikio. Kizazi kinachorukwa ndicho kilichofunguliwa mlango. Magokoro, yaani nyanya, na sokoro, yaani babu, ni watu wa utani kwa mjukuu. Kijana anaweza kumwita nyanya yake mke, na nyanya akamjibu kwamba ni mume gani huyu asiyeleta hata kuni. Msichana anaweza kumwuliza nyanya maswali ambayo kwa mamake yangemletea kofi. Ndani ya utani huo ndimo yalimopenyezwa mambo mazito: hofu ya jando, baba anayempiga mama, mwalimu anayemtazama msichana kwa jicho baya, ndoto zisizokwisha. Nyanya hakuwa mtaalamu wa chochote. Alikuwa na moto jikoni, viazi vitamu majivuni, na wakati wa kutosha.

Malezi hayo yamechunguzwa kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyojua. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert LeVine, pamoja na Barbara LeVine, waliishi Gusii katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chao kuhusu jamii waliyoipa jina la Nyansongo kilichapishwa mwaka 1966. Robert alirudi katika miaka ya 1970 pamoja na Sarah LeVine na wenzao, na katika kitabu kilichotoka mwaka 1994 wakawalinganisha akina mama wa Kisii na wale wa Boston. Mama wa Boston humwongelesha mtoto mchanga tangu siku za kwanza, humtazama machoni na kumsifu. Mama Mgusii humbeba, humnyonyesha na kumtuliza upesi alipo, lakini hamwongeleshi sana wala hamsifu. Kwake, kuhojiana na kiumbe asiyeweza kujibu si jambo la maana. Nimewaona wanafunzi wangu wakisoma kurasa hizo wakakasirika, wakidhani kwamba mama zao wamedharauliwa. Sivyo. Waandishi wenyewe walieleza kwamba shabaha ya malezi hayo ilikuwa kwanza mtoto aishi, na upendo ulikuwa mikononi mwa mama. Ninachokichukua mimi ni hiki: pale ambapo mzazi hulea kwa mikono, ulimi wa malezi huwa ni wa mtu mwingine. Kwa Abagusii ulikuwa wa omoreri, yaani yule ndugu mkubwa aliyekabidhiwa kumlea mdogo wake, na baadaye ukawa wa nyanya.

Sasa tazama mazingira ya nyanya huyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kwa Kisii hao ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu limegawanywa likagawanywa tena, hata migomba ya ndugu mmoja inamwangukia ndugu wa pili. Wazazi vijana wamekwenda Nairobi, au katika mashamba ya majani chai ya Kericho, na watoto wameachwa kwa nyanya. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, Ukimwi uliwaachia wengine wajukuu bila wazazi kabisa. Kwa hiyo mzigo wa nyanya umeongezeka sana, na wakati uo huo yeye mwenyewe ameanza kuogopwa.

Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi, na nyumba nyingi zikateketezwa. Vyombo vya habari vya siku hizo viliripoti kwamba wanakijiji walidai kuwa na ushahidi: daftari lililookotwa katika shule ya msingi, eti lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi na orodha ya watakaorogwa. Lilikuwako pia lalamiko kwamba wachawi hao walikuwa wakiwapumbaza watoto werevu. Nawaomba walimu walitazame jambo hilo kwa makini. Watu walihukumiwa kifo kwa kitu kile kile ambacho sisi hukisahihisha kila jioni kwa kalamu nyekundu, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa kushindwa kwa watoto masomoni.

Miaka 13 baadaye, mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa na kundi la watu huko Marani. Iliripotiwa kwamba tuhuma zilianzia kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari aliyepatwa na hali ambayo watu wa kwao hawakuielewa. Mara hii tena, kiini kilikuwa mtoto na kichwa chake. Wala aibu hii si ya Abagusii peke yao. Kilifi huwaua wazee wanaume kwa sababu ya mvi zao, na Usukumani, nchi jirani ya Tanzania, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Tamaa ya ardhi hujificha nyuma ya mauaji mengi ya namna hii. Lakini mtu mwenye tamaa hawezi kukusanya umati ikiwa hakuna hofu ya kuiwasha, na hofu hiyo hutokana na maradhi yasiyokuwa na jina. Mtoto anayekaa kimya ghafla, kijana anayesikia sauti, msichana anayeanguka na kutetemeka, ajuza ambaye usahaulifu wa uzeeni umemfanya atembee usiku akiongea peke yake: hao wote ni wagonjwa, au ni watu walioumia. Katika kijiji kisicho na mtu wa kueleza hivyo, watatu wa kwanza watasemwa wamerogwa, na wa nne atasemwa ndiye aliyewaroga.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumshutumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa kama mshtaki amepeleka madai yake kwa wakuu wa serikali. Polisi nao hukamata watu baada ya tukio. Ninalolitafuta mimi ni yule anayefika baada ya polisi kuondoka. Katika boma ambamo ajuza ameuawa huwa mmebaki wajukuu. Mtoto aliyefiwa kwa maradhi huliwa matanga, huimbiwa, hushikwa mkono na watu wa kanisa. Je, mjukuu wa aliyeitwa omorogi alie kwa sauti? Akilia, amekiri kwamba alimpenda mchawi. Akinyamaza, wenzake darasani watasema kwamba amerithi. Baadhi ya waliobeba kuni huenda ni ami zake, ambao kesho yake atawasalimu kwa adabu kwa sababu chinsoni inamtaka awasalimu. Huzuni ya namna hiyo haina mlango wa kutokea.

Kazi yangu hunipeleka katika shule za Kisii na Nyamira kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Safari moja nilikuta rundo la insha juu ya meza, zimekwisha kusahihishwa. Mada ilikuwa mtu nimpendaye. Mvulana mmoja alikuwa ameandika juu ya nyanya yake. Aliandika kwamba zamani alikuwa akila kwake kila jioni, kwamba siku hizi hawaruhusiwi kupita njia ya kwake, kwamba mamake amemkataza kulitaja jina lake, na kwamba usiku husikia mlango wa nyanya ukifungwa na hapati usingizi mpaka ausikie. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amefuta "mlango yake" akaandika "mlango wake", akatoa alama 11 kwa 20, na chini yake akaandika: zingatia upatanisho wa kisarufi. Upatanisho wenyewe alikuwa ameusahihisha barabara. Simlaumu kijana huyo, maana hakuna aliyemfundisha kwamba insha inaweza kuwa barua. Alipoulizwa kama shule ina mtu wa kushughulikia jambo kama hilo, alisema yupo mwalimu wa ushauri, ambaye pia ndiye mkuu wa nidhamu.

Hapa ndipo lugha inapoingia, nami naomba msomaji anivumilie kidogo. Huduma hii tumeipa jina la ushauri nasaha. Nasaha ni mawaidha. Mshauri ni mtoaji wa shauri. Jina lenyewe limekwisha kuamua nani atasema na nani atasikiliza. Mtoto anayeitwa ofisini kwa ajili ya ushauri nasaha anajua analokwenda kupewa: ataambiwa awe na bidii, amwogope Mungu, awaheshimu wazazi. Tangu alfajiri amekuwa akipewa mawaidha, na jioni yanamngoja mengine. Kile wanachokifanya wataalamu hasa, yaani kumkalisha mtu chini na kumsikiliza mpaka asikie mwenyewe analolisema, hakimo katika neno letu. Na viboko, vilivyopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, vingalimo katika sauti za wengi wetu.

Neno ustawi wa jamii, kwa upande mwingine, nalipenda. Kusitawi ni neno la shambani. Mmea hausitawi kwa kuhimizwa. Husitawi udongo wake ukitazamwa. Ndiyo tofauti kati ya afisa wa ustawi wa jamii na daktari wa akili. Daktari humtazama mgonjwa aliyeletwa. Afisa wa ustawi huenda mwenyewe nyumbani, huona ni nani analala wapi, nani hali na wenzake, shamba ni la nani na nani analitaka, baba anarudi lini na anarudi katika hali gani. Mvulana wa insha ile hakuhitaji dawa. Alihitaji mtu mzima mmoja wa kufika kwao, azungumze na mamake peke yake, kisha na ami zake, kisha na chifu, na amsindikize mtoto mchana kweupe mpaka kwenye mlango ule.

Kwenye karatasi tumejitahidi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014. Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001, na mwaka huo huo marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yakazitwika serikali za kaunti wajibu wa huduma hizo karibu na wananchi. Mtoto anaweza kupiga simu ya bure, nambari 116, akipata simu ya kupigia na mahali pa faragha pa kusemea. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, hayo si mambo madogo. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Hatua hiyo ina maana kubwa kwa familia za vijijini kuliko wanavyodhani waliozoea kuisoma kama habari ya mawakili. Kwa miaka mingi mzazi aliyemkuta mwanawe na kamba au na dawa ya kunyunyizia mimea alikuwa na sababu mbili za kunyamaza: chinsoni na polisi. Sababu moja imepata pigo. Ile nyingine haiondolewi na jaji.

Wakati mwingine hutafuta mfano mbali, na mfano uliokaribia zaidi haja yetu niliupata Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha katika kitongoji cha Mbare, Harare, mpango unaoitwa Benchi la Urafiki. Alianza na ajuza 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mitaani. Walifunzwa kukaa na mgonjwa juu ya benchi nje ya zahanati na kumsikiliza, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulikuwa wa watu wazima, kwa hiyo haufai kuhamishwa kama ulivyo. Kilichonivutia ni kwamba hawakuanza na jina la ugonjwa kutoka vitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hata maswali ya kumpimia mgonjwa yalikuwa yametungwa kwa Kishona. Sisi nasi tunasema fulani ana mawazo, na kila mtu anaelewa kwamba hasifiwi kwa hekima. Neno tunalo, hatujaliruhusu kuingia ofisini.

Je, inawezekana kumweka nyanya wa Kisii juu ya benchi la namna hiyo? Nadhani inawezekana, na nadhani ni mojawapo ya njia za kumlinda. Mwanamke anayejulikana na shule, zahanati na baraza la chifu kuwa ndiye msikilizaji wa watoto si rahisi kumgeuza mchawi kwa uvumi wa usiku mmoja. Lakini nisije nikamtukuza kupita kiasi. Nyanya huyo huyo mara nyingi ndiye aliyesimamia ukeketaji wa wajukuu wake, desturi iliyoenea sana Kisii na Nyamira hata baada ya sheria ya mwaka 2011 kuipiga marufuku, na siku hizi wengine huifanya kwa siri mikononi mwa wahudumu wa afya wenye glovu. Msichana aliyeumizwa na nyanya hatamwendea nyanya. Yeye anamhitaji mtu asiye wa ukoo, na hapo ndipo afisa wa ustawi aliyefunzwa na kuajiriwa hana badala. Wanaotaka mila peke yake wanamsahau msichana huyu, na wanaotaka ofisi peke yake wanamsahau yule mvulana.

Lililo karibu nami ni mafunzo. Mwanafunzi anayesomea ustawi wa jamii katika vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na ripoti zake huandikwa kwa Kiingereza. Kisha hupelekwa kijijini kuzungumza na mtoto wa miaka tisa. Akiwa mgeni wa Gusii, hutafuta mkalimani, na aghalabu mkalimani aliye karibu ni ami au kaka mkubwa, pengine yule yule ambaye mtoto anamwogopa. Akiwa mwenyeji, hujikuta amejua majina ya maradhi kwa lugha ambayo mamake mzazi haisikii. Ningependa kila mwanafunzi wa fani hii anayetumwa Kisii au Nyamira akae muhula mmoja na wazee wa kike, akusanye kwa Ekegusii maneno wanayoyatumia kwa moyo mzito, kwa hofu isiyo na sababu, kwa mtoto aliyeacha kucheza. Orodha hiyo ichapishwe kwa bei ya daftari na ipelekwe katika vyuo vya ualimu pia, kwa sababu mwalimu humwona mtoto siku tano kwa juma na afisa wa ustawi akijitahidi sana humwona mara mbili kwa mwaka.

Kabla orodha hiyo haijapatikana, kuna maswali yasiyohitaji istilahi. Mtoto wa Ekerenyo ukimwuliza kama ana msongo wa mawazo atakutazama tu, akingoja umweleze jibu unalolitaka. Mwulize analala na nani. Mwulize jana usiku aliamka mara ngapi, na alipoamka alisikia nini. Mwulize ni nyumba gani ambayo zamani alikuwa akienda na sasa haendi. Kisha, mwalimu, weka kalamu chini umngoje.